Tundu Lenye Umbo la Yai

Kibondo, Jumatatu, 3 Juni 2024

Mpendwa Mjomba Nurudini,

Shikamoo. Ninakuandikia kwa sababu simu zangu tano tangu juzi hukuzipokea, na kwa sababu jambo lenyewe linastahili kubaki kwenye karatasi. Natumaini hamjambo hapo Kasulu, na kwamba goti la Bibi Adija limepata nafuu. Mimi afya ninayo. Subira ndiyo imeniishia.

Vipande vya sanduku la kumwagia makopa ya muhogo, ulivyokata kwa ajili ya mashine ya kusaga ya akina mama wa Busunzu, vilifika Jumamosi. Pande tatu ni sahihi. Upande wa nne, ule ulioinama, umepungua sentimita ishirini na tano. Tundu la bomba la kutolea vumbi, ambalo lilipaswa kuwa duara, umelikata kama yai. Bi Mwanaheri, mwenyekiti wa kikundi, alilizungusha bomba mara tatu mbele ya wenzake, kisha akaniuliza, "Injinia, hili ni tundu au mdomo wa samaki?" Walicheka wote.

Mjomba, hii ndiyo kazi yangu ya kwanza tangu nihitimu. Msimamizi wangu, Bwana Stanislaus, ataikagua mashine Alhamisi tarehe 27, siku ambayo mkataba wangu wa majaribio unakwisha. Nilikupa kazi hii wewe, nikawaacha mafundi wa hapa, kwa kuwa ni damu yangu. Ninaomba maelezo ya maandishi.

Mpwa wako,
Zuhra


Kasulu, 6 Juni

Mwanangu Injinia,

Marahaba. Sisi wazima. Goti la Bibi linauma asubuhi, jioni linasahau. Anauliza kama unakula.

Maelezo ya maandishi haya hapa. Mchoro wako una sura mbili: ya mbele na ya juu. Uso ulioinama ukiutazama kutoka juu unajifupisha, na duara lililo juu yake linabanwa likawa yai. Hilo halihitaji chuo. Chukua sahani ya wali, iinamishe, itazame.

Nilipoona hivyo nilikuandikia swali, nikampa Dadi, kondakta wa basi: "Upande huu ndio urefu wake kweli, na tundu ni yai kweli?" Jibu lako lilirudi kesho yake, kwa kalamu nyekundu: "Tafadhali tekeleza mchoro kama ulivyo." Hata salamu hukuweka. Karatasi hiyo nimeibandika ukutani karakana, juu ya jiwe la kunolea. Wateja wanaisoma.

Basi nimetekeleza. Sentimita sitini uliandika, sitini nimekata. Yai ulichora, yai umepata.

Na simu sipokei nikiwa nachomelea. Unajua tangu ukiwa mdogo.

Mjomba wako,
Nurudini


Kibondo, 8 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini hamjambo.

Nimeisoma barua yako mara mbili ili nisikuonee. Kwa hiyo ulijua. Fundi wa miaka thelathini, aliyenifundisha mwenyewe kukunja mfano wa boksi la sabuni kabla ya kugusa chuma, alijua kuwa kipande ni kibovu, akawasha mashine, akakikata. Akina mama sitini wameanika muhogo wakisubiri sanduku hilo. Mashine yao ya zamani haikuwa na bomba. Wanakohoa mpaka leo. Ulitaka kunikomoa mimi, ukawakomoa wao.

Kuhusu mchoro, nakanusha. Uso ulioinama huchorewa sura saidizi, yaani mchoraji anautazama uso huo moja kwa moja kwa mbele na kuuchora kwa umbo lake halisi: sentimita themanini na tano, na tundu likiwa duara. Hilo nililichora kwenye karatasi ya pili. Ikiwa karatasi hiyo imefungiwa vitumbua hapo karakana, usiniambie mimi habari za sahani ya wali.

Kwa heshima,
Zuhra


Kasulu, 18 Juni

Zuhra,

Idi imepita. Bibi alikuwekea nyama mpaka leo asubuhi, kisha akawapa majirani. Kanzu yangu mpya hakuisifu.

Karatasi ya pili haikufika kwangu. Nimetoa bahasha yako, nimeikung'uta, nimetazama chini ya meza. Mchoro ninao mmoja, na kwenye kona ya chini umeandikwa kwa mkono wako: "Karatasi ya 1 kati ya 1." Nakurudishia pamoja na barua hii. Uinue mbele ya dirisha, utazame kona hiyo.

Kukata nikijua, ni kweli. Sikulala vizuri, lakini nilikata. Ile kalamu nyekundu ilinichoma. Mimi nilikupeleka chuo.

Pleti ya chuma iliyobaki inatosha upande mmoja tu. Nikikosea au ukikosea, hakuna nyingine.

Mjomba wako


Kibondo, Jumatano, 19 Juni

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mfikishie Bibi salamu, na umwambie ninakula.

Nimeuinua mchoro dirishani. Chini ya ile 1 ya mwisho kuna 2 iliyofutwa kwa wembe. Niliifuta mimi, na nilipokuandikia tarehe 8 nililijua hilo. Bwana Stanislaus alisema mchoro wa karatasi moja unapendeza mezani kwa wakubwa, nami nikataka nipendeze. Karatasi ya pili, yenye sura saidizi, imo kwenye droo yangu, safi, haina hata mkunjo. Swali lako lilinikuta nikiwa naye ofisini. Nilijibu haraka ili asijue kuwa kilichoondolewa kilikuwa cha lazima.

Leo asubuhi nilikwenda Busunzu, nikamweleza Bi Mwanaheri mbele ya wenzake wote. Safari hii hakuna aliyecheka. Alisema, "Kwa hiyo wewe ulipendezesha karatasi, sisi tuendelee kukohoa?" Bwana Stanislaus nimemwandikia vilevile. Afanye atakavyoona.

Bado nina hasira nawe. Ungeweza kupanda basi la Dadi ukaja kunigombeza hapa hapa. Ningelia, na pleti ingepona. Hilo nitakuambia uso kwa uso, nawe utaniambia la kalamu nyekundu, Bibi akiwepo.

Nitafika karakana Jumamosi tarehe 22, saa mbili kamili asubuhi. Nitakuja na karatasi ya pili, bomba lenyewe na boksi la sabuni. Tutakunja boksi kwanza, bomba lipite kwenye tundu la boksi. Kabla ya hapo, pleti usiiguse.

Mpwa wako,
Zuhra