Kwa Mama Funguo, Mlezi wa Ukumbi Wetu

Mwaka umetimia, Mama, tangu ulipotuacha, nasi hatujazoea. Hatuzoei hata kidogo.

Mji mzima ulikuita Mama Funguo. Kazi yako ilikuwa ukunga, lakini roho yako ilikuwa kwenye ukumbi ule mkongwe, pamoja na wenzako wa chama cha kujitolea kuutunza. Kijana akilalamika kwamba amechoka kufagia jukwaa, ulimwambia, "Mimi ndiye niliyekupokea duniani ukilia. Huna kilio kipya cha kunionyesha." Alicheka, akashika ufagio.

Uliufungua ukumbi kwa funguo zako kila asubuhi, hata siku isiyo na shughuli. Ulikanyagakanyaga mbao za sakafu, ukachungulia kila pembe, ukatuambia kwamba jengo lisipoingiwa na watu huingiwa na wadudu. Tulikuitikia tu, Mama, kama mtu anavyomwitikia mzazi wake.

Ulipofariki, wenzako walikata shauri kuufunga kwa heshima yako. Hakuna harusi, hakuna mkutano, mpaka mwaka uishe. Tuliwashukuru kwa machozi. Yalikuwa mapenzi, na hatuwalaumu. Ila mchwa hawakujua kama kuna msiba. Mlango ulipofunguliwa juzi, jukwaa lilididimia chini ya mguu wa mwenyekiti, na nguzo za paa zilikuwa zimebaki maganda.

Halmashauri imeamuru ukumbi ubomolewe wiki ijayo. Tumepiga magoti kwa kila mwenye ofisi. Tumeomba tupewe muda, tukajibiwa kwamba paa lile litaua mtu. Maji yametufika shingoni, Mama, na mtu wa kumkimbilia ulikuwa wewe.

Baba hali, halali. Anashinda humo ndani, kwenye benchi ulilokuwa ukipumzikia, chini ya paa hilohilo. Tulipombembeleza atoke, alisema, "Nilishamzika mara moja. Sina nguvu ya kumzika tena."

Tunaokukumbuka ni mumeo, fundi cherehani, aliyeapa kwamba wabomoaji watamkuta ndani. Dada yako, anayempelekea chai na kuirudisha imepoa. Sisi wanao, wakwe zako na wajukuu. Na wenzako wa chama, ambao siku hizi wakituona huinamisha vichwa. Kumtoa Baba tumeshindwa. Basi siku ya kubomolewa tutaingia sote, tukae naye.

Tutakukumbuka siku zote, Mama, na siku hiyo kuliko zote.