Maji ya Kunywa ya Shiru

Mama mpendwa,

Nisamehe kwanza. Tangu Pasaka nasema nitaandika kesho, na kesho ikifika naosha sakafu, narudi nyumbani miguu imefura, nalala. Ukikasirika una haki. Kifua chako kinaendeleaje? Na baridi ya huko Bahati? Huku Mombasa najifunika shuka moja na asubuhi naikuta chini. Natamani hata ule moshi wa jikoni kwako, unaniuma macho na bado sitoki.

Nimeandika kwa sababu kwa simu ungenikatiza kabla sijamaliza.

Unajua nafagia kwenye chuo kinachofundisha wanafunzi kusafisha meno ya watu. Mwezi uliopita mwalimu wao, Bi Zuhura, aliniomba niwe mgonjwa wa kuigiza. Wanafunzi hawaanzi na wagonjwa wa kweli, wanaanza na mtu kama mimi. Unapewa karatasi: wewe ni mama fulani, hupigi mswaki, unaogopa kile kiti cha kulalia cha daktari wa meno, ukiulizwa unaficha. Mwanafunzi anakuhoji, anakuangalia mdomo, anakufundisha, na mwalimu anampa alama. Nikajiambia, kazi ya kulala, nani ataikataa?

Wangu alikuwa Salim, kijana mwenye adabu. Aliniuliza maswali pole pole, nikamdanganya vile karatasi ilisema. Nilipofungua mdomo akainama karibu. Akachukua pamba, akaanza kusugua meno yangu ya mbele.

"Dada, wamekupaka nini? Mbona haitoki?"

Alidhani ule ukahawia wa meno yangu ni rangi ya maigizo! Akasugua tena, kwa nguvu. Wenzake wakaanza: "Salim, huyo ni mtu au ni sufuria?"

Mama, nilisahau karatasi yote. Nilikaa wima nikasema, "Mimi napiga mswaki! Na mama yangu alikuwa ananisugua na makaa kila Jumapili!"

Bi Zuhura akaja, akaniuliza kwetu ni wapi. Bahati, Nakuru. Tulikuwa tunakunywa maji gani? Ya kisima kirefu cha kanisa. Akawageukia wanafunzi. "Hapo hakuna uchafu. Kuna madini kwenye maji ya huko, yanaingia kwenye meno yakiwa bado ndani ya ufizi. Ungemuuliza anatoka wapi kabla hujamsugua." Salim aliniomba msamaha mpaka mimi nikamhurumia.

Siku hiyo sikufanya kazi vizuri, nilikuwa nawe tu, kama utotoni. Umekaa kwa kigoda nyuma ya jikoni, umenishika kidevu, makaa umeyasaga kwa kifuniko cha mkebe. "Fungua, wewe! Unataka kuingia kanisani kama mtu amekula udongo?" Fizi zinatoka damu, nalia, na ukimaliza unanipa kiazi cha kuchoma, kile kikubwa, wengine wasione. Hata gunia zima la makaa halingesaidia, na hatukujua, wewe wala mimi. Sikulaumu hata kidogo. Ningetaka hata leo unishike kidevu hivyo.

Lakini Shiru wangu ana miaka miwili. Utasema, "Si meno ya huyu mtoto ni meupe kama maziwa." Hata yangu yalikuwa. Hayo ni ya kwanza. Ya ukubwani yanatengenezwa sasa hivi, huko ndani, kwa kila kikombe unachompa. Na usiniambie kwamba unachemsha. Kuchemsha kunaua vijidudu, madini yanabaki palepale.

Najua wewe na akina mama wa kanisa mlibeba mawe ya kisima hicho kwa migongo yenu, na mtu akikisema vibaya ni kama amekutukana. Ogeni, fueni. Lakini Shiru anywe maji ya mvua, ya tangi, uyachemshe, na uji wake upikwe na hayo hayo. Nimekuachia mtoto kwa sababu hakuna mtu ninayemwamini kama wewe. Kwa hili, Mama, siombi, nasema.

Msalimie Baba, mwambie asafishe mifereji ya paa kabla mvua haijaanza. Msalimie dada yangu mkubwa, na shangazi wa duka asimpe mtoto soda.

Jirani yangu anayekuletea barua hii anarudi huku Jumamosi. Mpe hivi: chupa moja ya maji ya kisima na moja ya maji ya tangi, uandike juu ipi ni ipi, Bi Zuhura atazipeleka zipimwe. Njahi kilo mbili, yale maharagwe meusi ya kwako. Leso yangu ya kijani. Picha ya Shiru akicheka. Na karatasi yenye mwandiko wako mwenyewe, iseme tu mtoto anakunywa maji gani. Hayo mengine yakikosa nitavumilia. Karatasi ikikosa, nakuja kumchukua.

Ni mimi binti yako,
Wangari