Zimeota, Lakini Si Zake

Shangazi Xua wa redioni, mimi ni msikilizaji wako wa siku zote, redio naitundika juu ya meko nikipika, na leo ni zamu yangu kukulilia, naomba unisaidie kabla jembe halijagusa ardhi. Nimeolewa ukoo wa Giang miaka kumi na tisa, na mama mkwe wangu ana miaka themanini na moja, macho yamezima, kazi yake sasa ni kukaa mlangoni ukungu ukipanda kutoka bondeni na kunisimulia ndoto zake, kwamba anaiona njia ya mababu, nyeupe, imetandikwa uzi wa bangi, ule wa maganda ya mmea tunaofumia nguo, na mama yake yuko mwisho wa uzi akimvuta polepole. Nguo yake ya kuzikiwa, aliyoifuma mwenyewe, iliteketea nyumba yetu ilipoungua, na wewe unajua, Shangazi, asiyevaa nguo ya bangi siku hiyo wazee hawamtambui, atazurura.

Kosa ni langu. Mbegu zake za bangi zilikuwa kibuyuni, alirithi kwa mama yake, naye kwa mama yake, zilitakiwa zipandwe kila mwaka zisife, lakini mimi nilishazoea sketi za dukani zinazong'aa, kila masika akiniuliza, "Lia, utapanda lini?" namjibu, "Mwakani, mama," hadi ikapita miaka minne. Mwezi huu nikaloweka kiganja kimoja cha kujaribia, nikazifunga kwenye kitambaa chenye unyevu karibu na meko, na kila asubuhi anaingiza vidole na kuuliza, "Zimetoa mkia?" nami nasema bado, siku ya nane zikaanza kunuka. Jumapili nikaenda sokoni, mama mmoja wa ukoo wa Thao akanipa mbegu zake, nikazibadilisha kimyakimya, siku ya tatu zikachipua. Alipozishika akacheka, "Hee, hizi zimenenepa! Zilikuwa zinakula nini huko kibuyuni?" kisha akalia, akaziita kwa jina la mama yake. Tangu hapo anaimba mchana kutwa, na mimi naelea ndani ya wimbo ule, sitaki kuamka. Mume wangu anasema, "Nyamaza wewe, mbegu ni mbegu." Lakini akiondoka na uzi wa watu wengine, si atafika kwa mababu wa Thao? Nimwambie avunjike moyo, au ninyamaze?

Lia, Bonde la Mawe

Lia mwanangu, barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa machozi, kwa hiyo usidhani sikuonei huruma. Lakini miaka minne ya "mwakani, mama"! Kwa ajili ya sketi ambayo ukisogea motoni inayeyuka! Haya, nimekusema, yamekwisha.

Wazee wanatazama nguo, hawaulizi mbegu ilitoka kwa nani. Mwaka wa baridi kali nilipoteza zangu zote, jirani akanipa zake, mama yangu akazikwa na nguo hiyo, na sijawahi kumwota akizurura. Hakuna kibuyu milimani humu ambacho hakijaazima.

Na huyo mama aliyeunga nyuzi kwa vidole vyake miaka sitini, unadhani umemdanganya? Amekuambia zimenenepa, binti! Anajua. Anasubiri useme mwenyewe, na kila siku unayonyamaza unamwacha peke yake. Mumeo mwambie Shangazi anakubali mbegu ni mbegu, ila uongo nao ni uongo.

Kesho asubuhi, kabla hujawasha moto, kaa karibu naye, mshike mkono, useme, "Mama, zako zilifia mikononi mwangu. Hizi nilipewa sokoni." Usijitetee. Akikukaripia, karipiwa. Kisha mwongoze shambani na bakuli la mbegu, yeye ndiye amwage kiganja cha kwanza. Panda Alhamisi hii hii, maana kukuza, kuchuna maganda, kuunga nyuzi, kuchemsha na jivu na kufuma ni karibu mwaka mzima, na yeye hana miaka ya kukukopesha.

Kona moja ya shamba usiivune, iache ikomae. Hizo ndizo mbegu zako. Siku moja nawe utakuwa na mkwe, atakuuliza zilitoka wapi. Mwambie zilitoka sokoni, kwa mama wa Thao, mwaka ule ulipomkosea mama mkwe wako ukamwambia angali hai.