Kiwanda Walichoniomba Nikiombee

Flemingdon Park,
Toronto, Kanada.
14 Desemba 2014

Mpendwa dada Domina,

Tumsifu Yesu Kristo.

Hamjambo nyote hapo Mbinga? Wewe mwenyewe mgongo umetulia? Shemeji anaendeleaje na shule yake? Mama mkubwa naye, miguu inamsumbua tena tangu mvua zianze, au mwaka huu amepata nafuu? Na Gift amechaguliwa shule gani? Nimeuliza kwenye simu mara mbili na mara zote mbili mtandao ukakata kabla sijajibiwa. Nadhani mahindi mmeshapanda. Huku hakuna cha kupanda. Ardhi imekuwa ngumu kama sakafu.

Mimi mwili uko salama, namshukuru Mungu. Ninakula vizuri, sikohoi, na lile koti nililokwambia linafaa kwa baridi hii. Barua hii anakuja nayo Yusuph, kijana wa Songea tunayesali naye huku, anayekwenda nyumbani kwa Krismasi. Ndani ya bahasha kuna picha za harusi. Ile tunayocheka wote wawili ni yako, usimpe mtu. Nimeamua kuandika badala ya kupiga kwa sababu ukipokea simu yangu mama mkubwa husema weka sauti juu, na haya ni ya kwako peke yako.

Dada, nimeolewa! Najua unajua, ulilia kwenye simu siku ile, lakini acha niliandike tu, maana napenda kuliona limeandikwa. Mimi ni mke wa Dismas Komba tangu Agosti. Kila asubuhi nikifunga kilemba mbele ya kioo naiona pete, na ninatabasamu peke yangu kama mtu aliyechanganyikiwa. Wewe humjui bado, hujamwona akicheka. Huanza kucheka kwa macho, mdomo unachelewa. Ni mrefu, na mpole, na anapenda ugali wangu hata ukiwa na mabonge. Ukimkumbatia ananukia mbao. Hata akiwa ameoga na kuvaa suti, ananukia mbao. Ameniachia shati lake moja na sijalifua mpaka leo.

Alibaki nami siku kumi tu baada ya harusi, kisha akarudi kazini Marekani. Tangu hapo nimempata siku mbili hapa, siku tatu pale, akipanda basi la kuvuka mpaka. Nilidhani ukishaolewa upweke unaisha. Kumbe nilipokuwa sijaolewa nilikuwa peke yangu tu, na sikujua kuwa kuna aina nyingine. Sasa nikipika wali napika wa mtu mmoja, na mkono unajua kabisa kuwa umepunguza.

Kazi yangu ni ileile, namtunza Bi Zebunissa. Ni bibi Mhindi wa Kiismailia, mzaliwa wa Tabora, na mtoto wake Nazlin ndiye aliyenileta huku. Mimi na bibi tunaongea Kiswahili kutwa nzima. Ana utani huyo! Jumapili zote ananisikia nikiongea na Dismas hadi simu inapata moto. Siku moja akaniita.

"Wewe Wema, olewa na bwana au olewa na simu?"

Nikamwambia nimeolewa na bwana, bibi, ila anakaa ndani ya simu. Akasema basi mwambie atoke, chai inapoa.

Sasa nikueleze vizuri kazi ya Dismas, maana najua mama amewaambia ni fundi seremala, na ni kweli. Alijifunza useremala kwenye shule ya ufundi ya misheni, na aliposhinda ile bahati nasibu ya kwenda Marekani, kazi aliyoipata ilikuwa ya mbao. Lakini mbao zenyewe ni za bunduki. Anachonga vitako, ile sehemu ya mbao ambayo mwindaji anaiegemeza begani. Ni bunduki za kuwindia kulungu. Mimi nilipoambiwa mara ya kwanza nilimuuliza kama moyo haumsuti. Akasema, ninachonga mbao, Wema, na ninasali ifike kwenye mkono mzuri. Sijui kama jibu hilo linatosha. Nakuachia na wewe ulifikirie.

Kiwanda kiko kwenye mji mdogo wa jimbo la New York, na ni cha zamani sana. Watu wa pale babu alifanya kazi humo, baba humo, binti humo. Ukitoka nje ya nyumba yoyote unakiona, ukuta mrefu wa matofali mekundu, na mto nyuma yake. Mafundi wana desturi yao. Kabla ya kufunga lile bamba la nyuma ya kitako, fundi anaandika jina lake kwa penseli ndani, mahali ambapo hakuna atakayeona mpaka bunduki ifunguliwe. Dismas tangu Agosti haandiki lake. Anaandika Wema. Dada, hebu fikiri! Jina langu linatembea kwenye misitu nisiyoijua, begani kwa watu nisiowajua. Nilipoambiwa nilikaa kitini nikalia kwa furaha, na baadaye nikalia tena, lakini si kwa furaha, maana jina langu lilikuwa linashikwa na mikono yake kila siku na mimi sipo.

Kiwanda hicho kinakufa. Kimeuzwa na kuuzwa tena, na sasa kipo kwa watu wa fedha ambao hawajawahi kushika randa. Wawindaji wengi siku hizi wanachukua vitako vya plastiki, ni rahisi. Halafu jimbo moja la kusini limewapa wenye kiwanda eneo kubwa na kuwasamehe kodi, na huko hakuna chama cha wafanyakazi cha kuwasumbua. Basi mwaka mzima huu mashine zinang'olewa na kupakiwa kwenye malori kwenda kusini, chumba baada ya chumba. Kilichobaki, ambacho watu wanajiuliza kama kitapona, ni chumba cha mbao. Kikifungwa, Dismas ama anahamia kusini na mashine, ama anakosa kazi.

Mimi nilifurahi. Nakwambia wewe tu. Karatasi zangu za Kanada ninazo, maombi ya kumleta nimeshapeleka, lakini yeye alikuwa anasema tusubiri, kazi nzuri haiachwi, pale ana bima na chama na watu wanaomheshimu. Nikaanza kuwaza kuwa kazi ikimwacha yeye, hatakuwa na la kusubiri. Kila aliponiambia malori mengine yameondoka nilihesabu kwamba mume wangu anakaribia nyumbani.

Mwishoni mwa Novemba nilipata ruhusa kwa Nazlin, nikapanda basi kwenda kumwona. Dismas amepanga chumba cha juu kwa mama mmoja anaitwa Loretta, mjane, na ndiye aliyemfundisha kazi. Aliingia kiwandani akiwa msichana na bado yumo, chumba kilekile cha mbao. Umri wake ni ule mbaya: mkubwa mno kuanza upya kusini, mdogo mno kwa pensheni. Alinipokea kama mkwe wake. Aliniwekea maji ya moto kwenye chupa ya mpira chini ya blanketi, akamtania Dismas kwamba sasa amejua kwa nini vitako vyake tangu Agosti vinang'aa hivyo. Dada, niliona haya mpaka masikio.

Jumapili, ile ya kwanza ya Majilio, tulikwenda misa pamoja. Baada ya misa kina mama hushuka kwenye ukumbi chini ya kanisa kunywa kahawa. Wanashikana mikono wakiwa wamezunguka, na kila mmoja anasali kwa zamu kuombea kiwanda. Nilisimama kati ya Loretta na mama mwingine ambaye mikono yake ilikuwa imepasuka kama ya mkulima. Walisali kwa sauti ndogo. Mmoja aliomba chumba cha mbao kibaki mpaka mwanawe amalize chuo. Mmoja hakuweza kumaliza. Zamu ikaja kwangu, na Kiingereza chote kikanikimbia. Loretta akanibonyeza mkono, akaniambia nisali kwa lugha yangu, Mungu anaijua.

Nilitaka kusali kama wao. Naapa, dada. Nilifungua mdomo nikiwa nataka kusema kiwanda kibaki. Lakini nilipokisikia Kiswahili changu mwenyewe katika ukumbi ule, kilitoka kile ninachokisema kila siku jikoni kwangu.

"Baba, nimechoka kulala na simu. Kama ni kiwanda hiki kinachonizuilia mume wangu, kifunge, umlete nyumbani. Na hawa mama zangu uwatafutie njia nyingine, maana mimi siijui."

Wote wakaitikia amina. Yule mama wa mikono iliyopasuka alikuwa analia. Loretta alinikumbatia, akanishukuru kwa sala nzuri. Nikafumbua macho, na Dismas alikuwa amesimama mlangoni na trei ya vikombe.

Alimpa kila mtu kikombe chake, na mimi akanipa changu. Njia nzima mpaka kituo cha basi alinibebea begi na hakusema kitu. Theluji ilikuwa inaanguka, na nilikuwa nawaza kuwa ndoa yangu imeishia hapo, kabla hata picha hazijasafishwa. Nikamwomba anisamehe. Basi lilikuwa limeshawasha taa. Akaniwekea begi ndani, akarudi, akanishika uso kwa mikono yake yote miwili.

"Na mimi niliitikia amina, Wema."

Kisha akanisukuma polepole nipande. Nilimtazama kwenye kioo mpaka basi likageuka. Alikuwa anatazama upande wa nyumba ya Loretta.

Jumatano iliyofuata wakatangaziwa. Chumba cha mbao kinafungwa mwishoni mwa Februari, na vitako vyote vitatengenezwa kusini. Dismas ameitwa ofisini, wakamwomba aende huko mwaka mmoja au miwili kuwafundisha wafanyakazi wapya, kwa mshahara mzuri. Alinipigia, akaniambia kwamba amekataa. Anakuja Toronto, dada! Anakuja kukaa! Karatasi zake zikikamilika ataanza kutafuta kazi, na kabla ya hapo atakaa nami tu, awe anapigilia misumari kwenye meza yangu inayocheza. Nilipiga kelele mpaka Bi Zebunissa akaamka usingizini.

Nikamwambia basi njoo sasa, njoo Krismasi, waliokwisha kufukuzwa hawadaiwi kitu. Akasema hapana. Wanahitaji mafundi wa kufungua mashine na kuzifunga kwenye makasha, na wengi hawataki kuishika kazi hiyo, ni kama kumwosha maiti wako mwenyewe. Loretta ameipokea. Dismas akasema hawezi kumwacha Loretta afunge chumba kile peke yake, baada ya alichoitikia. Nilikasirika kidogo. Halafu nikaona kuwa kama angekubali kuja, ningempenda pungufu kidogo, hata kama nisingejua kwa nini.

Kwa hiyo Krismasi hii ni mimi na Bi Zebunissa. Alinikuta jikoni nikifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Kiwanda funga, bwana kuja, wewe nalia nini? Si ndiyo ulitaka?"

Nikamwambia ndiyo, bibi, ndiyo nilitaka. Akanitazama, akaacha utani, akavuta kiti akakaa karibu yangu, tukamenya njegere mpaka giza likaingia. Huku linaingia mapema mno.

Juzi Loretta alinipigia. Hakupiga kulalamika. Alisema Mungu ana sababu zake, na kwamba sala yangu ilikuwa nzuri kuliko zote hata kama jibu halikuwa walilotaka, na angependa niendelee kumwombea, kwa lugha ileile. Nikamwambia nitafanya. Kila nikipiga magoti, dada, maneno hayatoki. Namwona na ile chupa ya mpira, akiipitisha chini ya blanketi langu.

Sasa nakuja na ombi. Jumuiya yenu Jumamosi mkikutana nyumba kwa nyumba, najua huwa mnataja jina langu. Mwaka huu msinitaje. Nilichoomba nimepewa, kinakuja Machi. Mahali pangu mtajeni Loretta. Si lazima uwaeleze ni nani. Waambie ni mama mmoja fundi wa mbao, anakaa kwenye baridi, kazi yake imehamia mbali. Ombeni kwa sauti, na kwa Kiswahili, maana ndicho alichoomba. Labda kwenu maneno yatatoka.

Nisalimie mama mkubwa na umbusu mikono. Msalimie shemeji, Gift na wadogo zake, na mjomba Rogers ukimwona mnadani. Mwambie mama picha zangu azipate kwako, ila siyo ile yako. Mungu awape mvua ya kiasi, kahawa ichanue, na Krismasi ipite pasipo mtu kuwa peke yake mezani.

Ni mimi mdogo wako wa siku zote, ninayekupenda na kukukumbuka kila nipikapo,

Wema, mke wa Dismas