Rulema ya Gari la Baba Yenu

Mjukuu wangu Hakimu,

Hapa Nengo tuko wazima. Goti la bibi yako limepoa, na shangazi yako amehamishia cherehani yake Rubona. Ujumbe wako nimeusoma: rulema, yaani beringi, ya gurudumu la nyuma imeng'ang'ania ekseli, nawe unauliza kama upige nyundo.

Usipige. Ujanani, garaji yetu ya Rugerero ililetewa gari kama hilo aliloacha marehemu baba yenu. Mwenzangu Juma, kwa haraka zake, aliigonga ncha ya ekseli mpaka ikachomoka kwenye rulema. Tukashangilia. Kuja kurudisha nati, haiingii: meno ya ekseli yamelala yote. Mzee Sefu, mkubwa wetu, hakufoka. Aliiokota ile rulema iliyopasuka, akauliza, "We Juma, hii ilikuwa imeisha kufa. Ulikuwa unataka kuokoa nini?"

Kwa hiyo wewe ikate pete ya rulema kwa grinda, polepole, ubakize unene wa ukucha ili usiiguse ekseli. Kisha weka tindo na ugonge kidogo. Itapasuka yenyewe.

Umeandika pia kwamba wewe na mdogo wako Idi hamsemezani, kwa kuwa yeye anataka gari liuzwe. Bon, hilo mi siamui. Ila lile swali la mzee Sefu halikuwa la Juma peke yake. Mpigie Idi simu leo, kabla hujashika grinda.

Babu yako