Pua Yangu Imo Kwenye Kibanio

Mpendwa mshauri, naomba msaada na naomba niupate kabla ya Ijumaa, maana mimi ni mpokea simu wa kiwanda cha rangi na miezi miwili iliyopita nilishikwa na mafua makali, sauti yote ikawa inatokea puani, ndipo akapiga mtunza ghala wa tawi letu la pili kuulizia madebe yake, akasema sauti yangu inambembeleza, nikacheka, akawa anapiga kila asubuhi, nami nikapona, na hapo ndipo balaa lilipoanza, kwa sababu siku hiyo nilipopokea aliniomba nimwitie yule dada mwenye sauti tamu, nikamwambia asubiri, nikabana pua kwa vidole, nikasema haloo, akashusha pumzi.

Tangu hapo naficha kibanio cha nguo kwenye droo. Meneja ananihimiza nikapumzike nyumbani, mhasibu anasema naringa, shangazi aliyenipigia kazini ananifukiza kila Jumapili, ni mtunza ghala tu anayesikia utamu. Nikisahau kibanio anadhani ni mwenzangu, na huyo mwenzangu wanaongea kweli kweli, juzi kamsimulia alivyojifungia ghalani na paka, wakacheka hadi simu nyingine zikakatika, yaani namwonea wivu na ni mimi mwenyewe! Ijumaa anakuja kuniona. Nampenda, mshauri, na pua imeshaota alama nyekundu. Nimpokee na kibanio?

Mpokea Simu

Mpokea Simu, nimecheka hadi nimemwaga chai. Pole sana. Sasa tuache utoto.

Pua ni moja, wasikilizaji wanne, na kila mmoja kasikia lake: meneja ugonjwa, mhasibu maringo, shangazi kazi ya kufanya Jumapili, na bwana wako mapenzi. Sauti ya puani haina tabia, mwanangu, tabia anaiweka anayesikiliza. Utawabania pua wangapi?

Halafu soma tena barua yako. Wa kibanio anasifiwa sauti. Asiye na kibanio anasimuliwa habari za paka. Unadhani ni yupi hasa anayefuatwa Ijumaa?

Kesho asubuhi pokea simu yake kwa pua wazi, umweleze yote, hata kibanio. Usisubiri aje ashtukie mbele ya mhasibu. Akinuna, madebe yake yataendelea kwenda kama kawaida. Akicheka, mwandalie kiti. Kibanio kirudishe kambani, na shangazi umwombe azime jiko.

Na akiuliza yule dada mwingine yuko wapi, mwambie amepona.