Paka Wamekataa Chumba cha Mutoto

Goma, Himbi
Tarehe 11 Agosti 1981

Mupendwa mudogo wangu Nshobole,

Salamu za dada yako zikufikie huko Bukavu, wewe na bwana yako Papa Buhendwa, binti yenu Élisabeth, na huyu mutoto muchanga Modeste ambaye mikono yangu haijamushika bado. Umepata nguvu tangu uzae? Ananyonya vizuri? Mimi niko muzima, magoti tu yananisumbua asubuhi, lakini hayo unayajua.

Mulipoenda kongé, likizo ya bwana yako, muliniachia funguo na paka wawili, Komanda na Madame, na unajua vile mimi na paka hatupatani. Nimekubali juu yako, si juu yao. Kila siku nawachanganyia samaki wadogo wa ndakala na bugali, nao wananitazama kama mimi ni boyi wao.

Uliniomba, juu ya panya, paka walale katika chumba kipya, kile bwana yako amechimba chini ndani ya mawe ya volkano ili mutoto apate baridi na kimya. Wamekataa kabisa. Komanda alinikwaruza mukono nikamuachilia. Madame alishuka ngazi ya kwanza, akaangalia sakafu, akarudi kinyumenyume. Na mimi nikaangalia. Sakafu safi, kitanda kidogo cha Modeste mahali pake, basi. Nikawaacha walale jikoni.

Sasa habari mbaya, na umwambie Élisabeth polepole. Madame alimufukuza panya mpaka humo ndani. Asubuhi niliwakuta wote wawili wamelala sakafuni, paka na panya karibu karibu, bila damu, bila alama. Mudomo wa Madame ulikuwa wazi. Nilimubeba haraka, kichwa kikanizunguka, kidogo nianguke ngazini.

Nilirudi na taa ya petroli nipate kufagia. Nilipoishusha chini, ikazimika. Hakukuwa na upepo hata kidogo. Nikaiwasha tena juu, nikaishusha, ikazimika kama vile mutu ameipuliza. Komanda alikaa mulangoni, masikio nyuma, akifuata kwa macho kitu kinachotembea sakafuni. Mimi sikuona kitu.

Nilimuita jirani yetu mama Nyirakamana, yule wa kutoka Masisi. Alisimama inje kwenye lupango, hakutaka kuingia nyumbani. Aliniuliza tu kama tulichimba mawe. Kwao, anasema, hata mbuzi hawaachwi walale katika mashimo ya namna hiyo, kwa sababu mazuku, ile pepo mbaya inayotoka ndani ya mawe ya volkano, inaua na haina harufu wala rangi.

"Mazuku yanatafuta mahali pa chini," akaniambia. "Shemeji yako ameyachimbia kitanda."

Nilimutumia bwana yako habari kwa mutu wa bato ya ziwani. Amejibu kwamba hayo ni maneno ya wamama wazee, na kwamba Jumapili munarudi, chumba kiwe tayari, mutoto wake hatalala jikoni kama kuku. Haya. Amechimba kwa mikono yake, ana haki ya kujivuna. Lakini najua wewe humubishii, ndiyo maana nakuandikia wewe.

Naogopa, Nshobole. Siku ile ya Madame taa ilizimikia kwenye kifundo cha muguu. Juzi ilizimikia kwenye goti. Leo asubuhi sikuteremka, niliifunga kwa kamba nikaishusha nikiwa juu ya ngazi. Ilizimikia juu ya kitanda, pale kichwa cha mutoto kingekuwa.

Usipande bato Jumapili. Baki kwa mama. Bwana yako akitaka kurudi, arudi peke yake, na alale humo yeye wa kwanza. Hapana, Mungu anisamehe, hata yeye asilale humo.

Nisalimie mama, shangazi Léocadie, na watoto wake wote. Bikira Maria akae karibu na Modeste kila anapofumba macho.

Ni mimi dada yako akupendaye, niliyebaki na paka mumoja,

Nsimire